Chuo Kikuu cha Chicago: Ambako kitabu hutangulia starehe

CHUO Kikuu cha Chicago, kilichoko mtaa wa Hyde Park, kusini mwa jiji hilo la Marekani, kilianzishwa mwaka wa 1890 kwa msaada wa tajiri wa mafuta, John D. Rockefeller. Masomo yalianza Oktoba 1892 chini ya rais wa kwanza, William Rainey Harper, na tangu mwanzo wanawake walisajiliwa pamoja na wanaume.

Wakenya wengi walilisikia jina la chuo hicho kupitia kwa Barack Obama, aliyefunza sheria ya katiba hapo kati ya 1992 na 2004. Hata hivyo, kinachokipambanua zaidi ni namna kinavyowalea wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Tofauti na vyuo vya Kenya, ambako mwanafunzi husajiliwa kusomea taaluma moja tangu siku ya kwanza, Chicago humtaka kila mmoja apitie masomo ya msingi. Masomo hayo huchukua karibu thuluthi moja ya kozi 42 zinazohitajika ili kufuzu. Humo mna fasihi na falsafa, sanaa, historia ya ustaarabu, sayansi ya jamii, hisabati, fizikia na biolojia. Hivyo basi, anayetaka kuwa mwanahisabati husoma Plato, naye mpenzi wa mashairi hana budi kuingia maabarani. Lugha za kigeni pia hutiliwa mkazo, Kiswahili kikiwa miongoni mwa zinazofundishwa.

Masomo ya msingi ya fasihi na falsafa hufanyika katika madarasa madogo, wanafunzi wakiijadili matini badala ya kunakili maneno ya mhadhiri. Isitoshe, kila muhula hauzidi wiki 10, na mitihani ya kwanza huanza mapema. Atakayezembea wiki mbili huenda asiwafikie wenzake tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mfumo huo umewahi kuzua mvutano mkali. Mwishoni mwa miaka ya 1990, rais wa chuo, Hugo Sonnenschein, aliunga mkono kupunguzwa kwa masomo ya msingi na kuongezwa kwa idadi ya wanafunzi ili kuimarisha hazina. Wanafunzi, wahadhiri na waliohitimu walilalamika kwamba roho ya chuo ilikuwa ikiuzwa. Sonnenschein aliondoka mwaka wa 2000, lakini mageuzi yalibaki. Wakati huo wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa chini ya 4,000. Leo wamepita 7,000.

Ushindani nao umekuwa mkubwa. Katika miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya waombaji walikubaliwa. Siku hizi hupokewa chini ya mmoja kati ya kila 10. Mwombaji huandika insha kuhusu maswali ya ajabu ajabu, ambayo mengine hubuniwa na wanafunzi wenyewe.

Wanafunzi wamekuwa wakitania kwamba chuo chao ndipo mahali raha huenda kufia. Hata hivyo, hawakosi burudani. Kila Mei, tangu 1987, makundi hushindana kwa siku kadhaa kusaka na kuunda vitu vya kustaajabisha. Mwaka wa 1999 kundi moja lilijaribu kuunda kinu kidogo cha nyuklia bwenini. Jambo hilo lilikumbusha historia: Desemba 2, 1942, wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi walifaulu kwa mara ya kwanza duniani kuendesha mfululizo wa nyuklia unaojiendeleza, chini ya uwanja wa michezo wa chuo hicho hicho. Timu ya kandanda ya Kimarekani ilikuwa imevunjwa mnamo 1939 ili masomo yatangulie, ikarejea rasmi 1969.

Kikwazo kikuu ni gharama. Karo pekee imepita dola 60,000 kwa mwaka, kabla ya chakula na malazi. Familia zenye mapato ya chini hupewa ufadhili mkubwa, lakini kwa mwombaji kutoka nje ya Marekani, uwezo wake wa kifedha huweza kuzingatiwa anapochujwa. Kwa kijana wa Kenya, basi, alama nzuri pekee hazitoshi. Sharti aulizie ufadhili mapema, kabla ya kutuma ombi.