Baker Street

Baker Street ni barabara iliyopo katika eneo la Marylebone, wilaya ya Westminster, jijini London, Uingereza. Jina hilo hilo limetumika pia kwa kituo cha reli ya chini ya ardhi, kijiji kidogo katika jimbo la Essex, wimbo mmoja mashuhuri wa mwaka 1978, na tamthilia ya muziki ya mwaka 1965. Sehemu kubwa ya umaarufu wa barabara hiyo unatokana na anwani ambayo haikuwepo ilipoandikwa mara ya kwanza, yaani Baker Street 221B, makazi ya mpelelezi wa kubuni Sherlock Holmes.

Makala hii inaeleza mahali na kazi za sanaa zinazobeba jina hilo, na jinsi zinavyohusiana.

Barabara ya Baker Street, London

Barabara ilipewa jina la William Baker, mjenzi aliyeipima na kuanza kuijenga katika karne ya 18. Inaanzia karibu na bustani ya Regent's Park upande wa kaskazini, inakatiza barabara ya Marylebone Road, kisha inashuka kusini hadi uwanja wa Portman Square.

Mwanzoni ilikuwa fupi kuliko ilivyo leo. Sehemu zake za kaskazini zilikuwa na majina yao: York Place na Upper Baker Street. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 sehemu hizo zilikuwa zimeunganishwa chini ya jina moja la Baker Street, na nyumba zikapewa nambari mpya. Badiliko hilo la kiofisi ndilo lililoizaa nambari 221, miaka zaidi ya 40 baada ya nambari hiyo kuandikwa katika hadithi.

Kabla ya Sherlock Holmes, barabara ilijulikana zaidi kwa sanamu za nta. Mwaka 1835 Marie Tussaud, mchongaji aliyetoka Ufaransa na kuzunguka Uingereza na maonyesho yake kwa miaka mingi, alipata mahali pa kudumu katika jengo la soko lililoitwa Baker Street Bazaar. Maonyesho hayo yalibaki hapo hadi mwaka 1884, yalipohamishiwa Marylebone Road, hatua chache kutoka kwenye kona ya Baker Street, ambako yapo hadi leo kwa jina la Madame Tussauds.

Tarehe 7 Desemba 1967 kundi la muziki la The Beatles lilifungua duka la nguo katika nyumba nambari 94. Ukuta wake wa nje ulichorwa picha kubwa ya rangi nyingi, jambo lililowaudhi wafanyabiashara jirani. Duka lilipata hasara na kufungwa tarehe 30 Julai 1968. Bidhaa zilizobaki ziligawiwa bure kwa watu waliofika.

Kituo cha Baker Street

Kituo cha Baker Street ni miongoni mwa vituo vya kwanza vya reli ya chini ya ardhi duniani. Kilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863 pamoja na reli ya Metropolitan, iliyokuwa na vituo saba kati ya Paddington na Farringdon, umbali wa kilomita 6 hivi. Siku ya kwanza ilibeba abiria zaidi ya 30,000.

Reli hiyo ilijengwa kwa kuchimba mtaro mkubwa barabarani, kujenga kuta na paa la matofali, kisha kufukia na kuirudisha barabara juu yake. Treni zilivutwa kwa injini za mvuke. Kwa hiyo vituo vilihitaji matundu ya kutolea moshi, na matundu ya namna hiyo bado yanaonekana katika kuta za majukwaa ya zamani ya Baker Street.

Mwaka 1906 ilifunguliwa reli nyingine iliyopita chini zaidi, kati ya Baker Street na eneo la ng'ambo ya mto Thames kupitia kituo cha Waterloo. Watu waliyaunganisha majina hayo mawili na kuiita Bakerloo, na jina hilo likakubaliwa rasmi. Mwaka 1979 njia ya Jubilee nayo ilianza kupita hapo. Leo kituo kinahudumiwa na njia tano na kina majukwaa kumi, idadi kubwa kuliko ya kituo kingine chochote cha reli ya chini ya ardhi ya London. Nje ya kituo, upande wa Marylebone Road, kuna sanamu ya shaba ya Sherlock Holmes iliyochongwa na John Doubleday na kuzinduliwa mwaka 1999.

Baker Street 221B

Daktari na mwandishi Arthur Conan Doyle alimtambulisha Sherlock Holmes katika riwaya ya A Study in Scarlet iliyotoka mwaka 1887. Katika riwaya hiyo Holmes na rafiki yake, Dk. Watson, wanapanga vyumba katika nyumba ya Baker Street 221B. Wakati huo nambari za Baker Street hazikufika 221, kwa hiyo msomaji aliyekwenda kuitafuta nyumba hiyo hangeipata. Hata hivyo wasomaji waliendelea kuitafuta, na wengi waliandika barua.

Mwaka 1932 kampuni ya mikopo ya nyumba iliyokuja kuitwa Abbey National ilihamia katika jengo jipya lililochukua nambari 219 hadi 229. Ghafla barua za Sherlock Holmes zikawa na mahali pa kufika. Ziliingia kwa wingi kutoka nchi mbalimbali. Baadhi ya watu walimsalimu mpelelezi, wengine walimwomba awasaidie katika mambo yaliyowatatiza. Kampuni iliamua kutozitupa. Iliajiri katibu maalumu wa kumjibia Sherlock Holmes, na kazi hiyo iliendelea kwa miongo kadhaa.

Mwaka 1990 Makumbusho ya Sherlock Holmes yalifunguliwa katika nyumba ya zamani kwenye barabara hiyo hiyo. Nyumba yenyewe iko kati ya nambari 237 na 241, lakini mlangoni iliandikwa 221B. Ukazuka ubishi kuhusu nani mwenye haki ya kupokea barua: kampuni iliyokuwa na nambari halisi, au makumbusho yaliyokuwa na mpelelezi. Ubishi huo ulidumu miaka mingi na ulikwisha tu baada ya kampuni kuhama jengo lake mwanzoni mwa karne ya 21. Tangu hapo barua zinapelekwa kwenye makumbusho.

Watazamaji wa mfululizo wa televisheni wa Sherlock, ulioanza kurushwa na BBC mwaka 2010, mara nyingi hudhani kwamba mlango unaoonekana ni wa Baker Street. Kwa kweli picha za nje zilipigwa katika mtaa wa North Gower Street, upande wa mashariki zaidi.

Jina moja kwa makundi matatu

Katika hadithi za Doyle, Holmes huwatumia watoto wa mitaani wa London kumtafutia habari, kwa sababu wanaweza kupita popote bila kushukiwa. Kundi hilo, linaloongozwa na kijana aitwaye Wiggins, huitwa Baker Street Irregulars, yaani askari wasio rasmi wa Baker Street. Jina hilo lilichukuliwa na makundi mawili ya kweli.

La kwanza ni chama cha wapenzi wa Sherlock Holmes kilichoanzishwa nchini Marekani mwaka 1934 na mwandishi Christopher Morley. Chama hicho bado kipo.

La pili lilikuwa na kazi ya hatari. Mwezi Julai 1940, baada ya Ufaransa kushindwa na Ujerumani, serikali ya Uingereza iliunda shirika la siri la kufanya hujuma katika nchi zilizotekwa. Liliitwa SOE, na kuanzia Oktoba mwaka huo makao yake makuu yalikuwa Baker Street nambari 64. Ofisi zake nyingine zilitawanyika katika majengo ya jirani. Wapita njia hawakujua kilichofanyika ndani. Watumishi wake walitaniwa kwa jina la Baker Street Irregulars.

Kutoka ofisi hizo walitumwa wanaume na wanawake waliojua lugha na desturi za nchi walizopelekwa. Walishushwa kwa miavuli au kwa ndege ndogo usiku, wakiwa na hati za bandia na mitambo ya redio. Mmoja wao alikuwa Noor Inayat Khan, binti wa mwalimu wa Kisufi kutoka Uhindi, aliyekuwa mwandishi wa hadithi za watoto. Alipelekwa Ufaransa mwezi Juni 1943 kama mtumaji wa ujumbe wa redio. Muda mfupi baadaye wenzake wengi katika mtandao wa Paris walikamatwa. Yeye alibaki akituma ujumbe huku akihama nyumba hadi nyumba, mpaka naye alipokamatwa mwezi Oktoba. Aliuawa katika kambi ya Dachau mwezi Septemba 1944, akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka 1949 alitunukiwa nishani ya George Cross baada ya kifo chake. Shirika lenyewe lilivunjwa mwaka 1946.

Wizi wa benki wa mwaka 1971

Mwezi Septemba 1971 wezi walivunja chumba cha hazina cha tawi la benki ya Lloyds lililokuwa Baker Street. Walikodi duka la bidhaa za ngozi nyumba mbili kutoka benki, wakachimba handaki la urefu wa mita 12 hivi chini ya mkahawa uliokuwa katikati, na kuingia kupitia sakafu. Walifanya kazi hasa siku za mwisho wa juma, ili kelele zisisikike.

Usiku mmoja mpenzi wa mawasiliano ya redio alisikia kwa bahati mazungumzo kati ya wezi na mlinzi wao aliyekuwa juu ya paa. Aliyarekodi na kuwaarifu polisi, lakini hakujua ni benki ipi. Polisi walikagua mamia ya benki za London, ikiwemo yenyewe. Mlango wa chumba cha hazina ulikuwa umefungwa bila dalili ya kuguswa, wakaondoka. Wezi walikuwa wameingia kwa chini, na walivunja masanduku zaidi ya 200 ya wateja. Baadhi yao walikamatwa na kufungwa baadaye.

Tukio hilo linafanana sana na hadithi ya Doyle ya mwaka 1891 iitwayo The Red-Headed League, ambamo Holmes anagundua njama ya kuchimba handaki kutoka duka moja hadi kwenye hazina ya benki. Filamu ya The Bank Job ya mwaka 2008, iliyoongozwa na Roger Donaldson na kuigizwa na Jason Statham, inatokana na wizi huo, ingawa mambo mengi ndani yake ni ya kubuni.

Wimbo wa "Baker Street"

"Baker Street" ni wimbo wa Gerry Rafferty, mwanamuziki wa Uskoti aliyezaliwa Paisley mwaka 1947 na kufariki mwaka 2011. Upo katika albamu yake ya City to City ya mwaka 1978.

Rafferty alikuwa amefanikiwa na kundi la Stealers Wheel, lakini lilipovunjika alibanwa na kesi za mikataba na hakuweza kutoa nyimbo kwa miaka kadhaa. Katika kipindi hicho alisafiri mara kwa mara kutoka Uskoti kwenda London kuonana na mawakili, akilala kwa rafiki yake aliyeishi karibu na Baker Street. Wimbo unahusu uchovu wa mji mkubwa, upweke, na hamu ya kurudi nyumbani.

Sehemu inayokumbukwa zaidi haina maneno. Ni saksafoni ya Raphael Ravenscroft, inayofungua wimbo na kurudi baada ya kila kipande. Wimbo ulifika nafasi ya 3 katika chati ya Uingereza na nafasi ya 2 nchini Marekani. Umerudiwa na wengine, wakiwemo kundi la Undercover mwaka 1992 na Foo Fighters.

Matumizi mengine

Baker Street, Essex: kijiji kidogo karibu na Orsett, mashariki mwa London, chenye kinu cha upepo cha kale.

Baker Street: tamthilia ya muziki kuhusu Sherlock Holmes, iliyoongozwa na Harold Prince na kuanza kuonyeshwa Broadway, New York, mwaka 1965.

Basil of Baker Street: kitabu cha watoto cha Eve Titus cha mwaka 1958, kuhusu panya mpelelezi anayeishi chini ya nyumba ya Holmes. Kampuni ya Disney ilikitumia kutengeneza filamu ya katuni ya The Great Mouse Detective mwaka 1986.

Athari katika fasihi ya Kiswahili

Mfano wa wapangaji wa Baker Street, yaani mpelelezi mwerevu na rafiki anayemshangaa, ulifika pia katika riwaya ya Kiswahili. Mwandishi wa Zanzibar Muhammad Said Abdulla alimbuni Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni anayefuatana na rafiki yake Najum. Anaonekana katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na katika riwaya zilizofuata, zikiwemo Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Wahakiki wengi wamemlinganisha na Sherlock Holmes. Hata hivyo Bwana Msa hana anwani ya London: mafumbo yake hutokea Unguja, kati ya mashamba, makaburi ya kale, ndoa na siri za koo.