Je, mwajiri anaruhusiwa kusoma meseji zako?

Karani wa chama cha kahawa Kirua Vunjo anafungua WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisi na kumwandikia mkewe. Kompyuta ni ya mwajiri. Je, maneno nayo ni ya mwajiri?

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka anayekusanya taarifa zako akujulishe kwanza na akueleze kusudi lake. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kesi kama hii ilitokea Romania. Bogdan Bărbulescu alifukuzwa kazi mwaka 2007 baada ya mwajiri kusoma meseji alizowaandikia kaka yake na mchumba wake. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa ushindi: hakuelezwa mapema ukaguzi ungefika wapi.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, uliza ofisi inakagua nini. Ukifukuzwa kwa sababu ya meseji, una siku 30 kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mambo ya nyumbani yaache kwenye simu yako.