Je, Watu Wote Wataokolewa Mwishoni? Fahamu Fundisho la Wokovu wa Wote na Mjadala Wake Afrika Mashariki

Ukienda kwenye msiba wowote hapa Babati, iwe Bagara, Maisaka, Magugu au Dareda, utasikia maneno yaleyale: Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Tunamwombea mlevi na mzee wa kanisa, aliyebatizwa na ambaye hakuwahi kuingia kanisani. Hakuna anayesimama pale kaburini kuuliza marehemu alikuwa na cheti cha ubatizo au la.

Watu wakishatawanyika ndipo swali linakuja: je, yuko wapi kweli? Na babu aliyekufa akiomba kwa jadi za ukoo, kabla hajasikia jina la Yesu, yuko wapi?

Katika makala hii tunaeleza fundisho moja la Kikristo linalojibu swali hilo kwa namna isiyo ya kawaida. Linasema kwamba mwisho wa yote, Mungu atamwokoa kila mtu. Tutaeleza lilikotoka, wanaolikubali na wanaolikataa wanatumia hoja gani, na makanisa tuliyonayo hapa Manyara yanafundisha nini. Sisi ni redio, si baraza la maaskofu, kwa hiyo hatuamui nani yuko sahihi.

Fundisho hili linasema nini hasa?

Kwa kifupi, linasema upendo wa Mungu hautashindwa na mtu yeyote. Hata anayekufa akiwa amemkataa Mungu, iko siku atageuka na kurudi, kwa sababu Mungu hachoki kungoja.

Kuna mambo matatu ambayo watu hulichanganya nalo.

La kwanza ni kusema wokovu umeandaliwa kwa ajili ya wote. Hilo karibu kila kanisa linakubali. Mlango uko wazi, lakini mtu anaweza kukataa kuingia. Fundisho tunalolieleza linakwenda mbele zaidi: linasema mwishowe wote wataingia.

La pili ni kusema dini zote ni njia sawa. Wakristo wengi wanaoamini wokovu wa wote wanasema anayeokoa ni Kristo peke yake, ila atawaokoa wote.

La tatu ni kusema hakuna hukumu wala jehanamu. Wengi wa waamini hawa wanakubali kwamba jehanamu ipo na ni kali. Tofauti ni kwamba kwao moto ule ni wa kusafisha na una mwisho. Sisi wa Manyara tunaweza kuielewa hoja hii kwa tanzanite ya Mirerani: jiwe likiwa na rangi ya kahawia hupitishwa kwenye joto kali ili bluu yake itokee. Lengo la joto lile si kuliharibu jiwe.

Lilianzia wapi?

Wengine hudhani ni wazo jipya la Wazungu waliochoka kwenda kanisani. Sivyo. Mwalimu wa kale anayejulikana zaidi kwa wazo hili ni Origen, aliyezaliwa Alexandria, Misri, karibu mwaka 185. Alifundisha kwamba mwisho wa mambo utafanana na mwanzo: viumbe vyote vitarudishwa kwa Mungu. Karne iliyofuata Askofu Gregory wa Nyssa, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alifundisha jambo linalofanana na hilo, naye hadi leo anaheshimiwa kama mtakatifu. Karne ya 7 kulikuwa na Isaac wa Ninawi, mtawa mzaliwa wa eneo la Qatar ya leo, aliyeandika kwamba adhabu ya Mungu haiwezi kuwa kisasi kisicho na mwisho.

Aliyelipinga wazo hili kwa nguvu kubwa naye alikuwa Mwafrika: Augustino, askofu wa Hippo, mji uliokuwa katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430. Alisema Biblia inapotaja adhabu ya milele ina maana hiyohiyo, milele. Makanisa ya magharibi yalimfuata. Mwaka 543 mfalme Justinian alitoa amri ya kulaani mafundisho yaliyohusishwa na Origen, na mwaka 553, wakati wa mtaguso wa Konstantinopoli, mafundisho hayo yalilaaniwa tena. Tangu hapo wazo likabaki la wachache.

Lilipata nguvu tena Marekani katika karne ya 18, ambako yalianzishwa makanisa yaliyojiita ya wokovu wa wote. Mwaka 1961 makanisa hayo yaliungana na Waunitariani, na leo wengi katika umoja huo hawajitambulishi tena kama Wakristo.

Biblia inasomwaje na pande zote mbili?

Ukitaka kufuatilia, fungua Biblia yako. Wanaoamini wokovu wa wote huelekeza 1 Wakorintho 15:22 na 28, ambapo Paulo analinganisha wote wanaokufa katika Adamu na wote watakaohuishwa katika Kristo. Huongeza Warumi 5:18 na 11:32, Wakolosai 1:20, Wafilipi 2:10 na 11, na 1 Timotheo 2:4, panaposema Mungu anataka watu wote waokolewe. Wanauliza: kama Mungu anataka, nani atamzuia?

Wanaokataa huelekeza Mathayo 25:46, ambapo Yesu anawatenga kondoo na mbuzi. Huongeza Luka 16, habari ya tajiri na Lazaro na shimo kubwa lisilovukika, Waebrania 9:27 kuhusu kufa mara moja na kisha hukumu, na Ufunuo 20:15 kuhusu ziwa la moto. Wanasema Mungu anataka wote waokolewe, lakini hamburuzi mtu kwa kamba. Upendo wa kulazimishwa si upendo.

Ubishi mkubwa uko kwenye neno moja. Panaposomeka "milele" katika Mathayo 25, Kigiriki kina neno lililotokana na neno la kutaja zama au kipindi kirefu. Upande mmoja unasema basi adhabu ile ni ya zama ijayo, si lazima isiwe na mwisho. Upande wa pili unajibu kwamba neno hilohilo, katika mstari huohuo, linaeleza pia uzima wa wenye haki. Ukifupisha adhabu, umefupisha na uzima.

Wanazuoni wawili wa Kiafrika

Mjadala huu ulifika Afrika Mashariki miaka ya 1970, na waliobishana walikuwa Waafrika wenyewe.

Wa kwanza ni John Mbiti, Mkamba aliyezaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931, kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kuanzia mwaka 1964 hadi 1974. Mwaka 1971 kilitoka kitabu chake kuhusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya siku za mwisho, yakilinganishwa na mawazo ya Wakamba. Aliona kwamba wamisionari walifundisha mbingu na moto kwa picha, na waumini wakazichukua picha zile kama zilivyo.

Mwishoni mwa kitabu Mbiti alikwenda mbali zaidi. Alitoa hoja kwamba hakuna roho inayoweza kumkimbia Mungu milele, na kwamba subira ya Mungu lazima iushinde ukaidi wa mwanadamu. Alitumia mfano wa kondoo mia: furaha ya mbinguni ingekuwaje kamili kama hata mmoja amebaki nje? Mfugaji wa Simanjiro au Hanang hahitaji kuelezwa mfano huo. Anajua zizi halilali salama ng'ombe mmoja akiwa bado porini.

Mbiti aliandika pia kwamba Mungu aliyeabudiwa na wazee wetu kabla ya wamisionari ndiye yuleyule wa kwenye Biblia. Kwetu hapa maana yake ni kwamba Wairaqw waliomwita Looaa na Wadatoga waliomwita Aseeta hawakuwa wakiongea na hewa.

Aliyempinga ni Byang Kato, Mnigeria aliyezaliwa mwaka 1936, katibu mkuu wa umoja wa Wakristo wa kiinjili wa Afrika na Madagaska, uliokuwa na ofisi Nairobi. Kitabu chake cha kumjibu Mbiti na wengine kilichapishwa Kisumu mwaka 1975. Kato hakuwa mtu wa mjini asiyezijua jadi. Alipozaliwa, wazazi wake walimweka wakfu kwa kuhani wa dini ya kabila lao, na alikuja kuamini injili akiwa kijana mdogo. Kwa hiyo aliposema dini za jadi haziokoi, alisema habari za nyumbani kwao.

Hoja yake ilikuwa hii: kama wote wataokolewa kwa vyovyote vile, kwa nini mwinjilisti atembee kilomita 20 kwa mguu kuhubiri? Kwa nini mtu aache maovu leo? Na kwa nini Yesu aliwaonya watu kwa ukali vile? Kwake, kumwambia mtu asiyeamini kwamba yuko salama ni kumdanganya akiwa hatarini.

Kato alifariki baharini Mombasa Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 39. Mbiti aliishi hadi mwaka 2019. Makanisa mengi ya kiinjili Afrika Mashariki yalibaki na msimamo wa Kato.

Makanisa yetu yanafundisha nini?

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba jehanamu ipo na ni ya milele. Lakini halijawahi kumtaja mtu yeyote kwa jina na kutangaza rasmi kwamba yuko huko. Linafundisha pia toharani, ambako waliokufa katika neema husafishwa, ndiyo maana tarehe 2 Novemba waumini huwaombea marehemu wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulisema wasioijua injili pasipo kosa lao, lakini wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, wanaweza kuokolewa. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikano ilieleza kwamba kuna sababu za kutumaini wokovu wa watoto wanaokufa bila ubatizo. Mwanateolojia Hans Urs von Balthasar wa Uswisi alisema Mkristo anaruhusiwa kutumaini kwamba wote wataokolewa, ila hawezi kusema ana uhakika.

Walutheri, wakiwemo wa KKKT, wanafuata Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Ibara ya 17 inalikataa fundisho kwamba adhabu ya waovu itakwisha.

Waanglikana wana historia ya kipekee. Mwaka 1553 ibara zao 42 za imani zililikataa wazi fundisho la wokovu wa wote. Ibara hizo zilipopunguzwa muda mfupi baadaye, ile iliondolewa.

Wapentekoste kwa kawaida wanafundisha kwamba nafasi ya kutubu ni kabla ya kufa tu.

Wasabato wana jibu la tatu: wafu wamelala, na siku ya mwisho waovu watateketezwa kabisa wasiwepo tena. Hakuna mateso yasiyo na mwisho, lakini pia si wote watakaookolewa.

Kwa nini jambo hili linatuhusu?

Linatuhusu kwa sababu ya watu wetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Walikuwemo watoto, wazee, Wakristo, Waislamu na wasio na dini. Wengi hawakupata nafasi ya kusema hata neno moja la toba. Familia zao hazikuuliza swali hili ili kushinda mjadala. Ziliuliza kwa sababu zilihitaji kulala usiku.

Linatuhusu pia kwa namna tunavyoongea misibani. Kuna mhubiri anayesimama mbele ya jeneza na kumwambia mjane kwamba mumewe anaungua. Hata kanisa linaloamini jehanamu ya milele halimpi mhubiri huyo mamlaka hayo, maana hukumu ni ya Mungu na hakuna aliyeonyeshwa orodha. Kwa upande mwingine, kuna kijana anayesema Mungu ni mwema, atanisamehe tu, kisha anampiga mkewe na kuuza shamba la ndugu yake. Origen na Gregory wasingemuunga mkono. Wao walisema kadiri uovu ulivyojikita ndani ya mtu, ndivyo kusafishwa kwake kutakavyouma.

Ukitaka kuongea na padri, mchungaji au katekista wako, yako maswali matatu ya kuanzia. Kanisa letu linafundisha nini juu ya waliokufa bila kuisikia injili? Tunaruhusiwa kumwombea marehemu, na kwa maneno gani? Mtoto aliyekufa kabla ya ubatizo azikwe kwa ibada gani? Usisubiri msiba ufike nyumbani ndipo uulize. Uliza sasa, watu wakiwa na utulivu, na waite wazee wa familia wasikilize pamoja.

Makanisa haya yanatofautiana katika mengi, lakini karibu yote yanakubaliana kwamba Mungu anataka kila mtu aokolewe na kwamba namna tunavyoishi sasa ina uzito mbele zake. Na mfiwa aliye mbele yetu anahitaji kufarijiwa kabla ya kufundishwa.