Mtoto wa Rurik

Masimulizi ya kale yaliyokusanywa Kyiv mwanzoni mwa karne ya 12 yana kisa cha mwaka 862. Makabila ya kaskazini yalikuwa yamewafukuza Wavaranga, wale mabaharia wapiganaji wa Skandinavia, kisha yakaanza kumalizana yenyewe kwa yenyewe. Yakatuma wajumbe ng'ambo ya bahari kuomba mtawala, kwa Wavaranga haohao. Wakaja ndugu watatu: Rurik, Sineus na Truvor. Miaka miwili baadaye wawili wamekufa na kila kitu ni cha Rurik. Rahisi hivyo. Na ati huyo ndiye baba wa ukoo uliotawala Urusi hadi 1598.

Mimi sina shida na mabaharia. Pale Staraya Ladoga vimefukuliwa vitu vya Kiskandinavia vya tangu karne ya 8, kwa hivyo watu hao walikuwepo. Shida yangu ni mtoto. Tunaambiwa Rurik alifariki 879 akaacha mwana mdogo, Igor. Igor ni mtu wa kweli kabisa. Liutprand wa Cremona, kule Italia, anaandika jinsi alivyoshambulia Constantinople mwaka 941. Aliuawa 945. Sasa piga hesabu: hata tukisema alizaliwa mwaka uleule babake alipokufa, alikuwa na miaka 66 hivi. Halafu mwaka uliofuata, vitani, mwanawe Sviatoslav anarusha mkuki, unapita kati ya masikio ya farasi na kugonga miguu ya farasi huyohuyo, maana mrushaji bado ni katoto. Sawa, wazee huzaa. Lakini hapa naona mwandishi akivuta miaka kwa nguvu ili ifike.

Tena kuna Ilarion, askofu mkuu wa Kyiv katikati ya karne ya 11. Akimsifu Vladimir, anamtaja babake, Sviatoslav, na babu yake, Igor mzee. Hapo anakoma. Kama mwanzilishi wa ukoo alijulikana, unamrukaje mbele ya wazao wake?

Wengine husema alikuwa Rorik, Mdenmaki aliyeshika Dorestad, Uholanzi ya leo. Majina yanafanana, na hilo halinitoshi.

Cha ajabu, ugomvi mkubwa kumhusu haukuwa kama aliishi. Mwaka 1749, St Petersburg, Mjerumani Gerhard Müller aliandaa hotuba kusema jina na dola la Warusi vilitoka kwa Waskandinavia. Lomonosov akawaka: Rurik ni Mslavi! Hotuba ikazuiwa, nakala zikaharibiwa. Wote wawili walikuwa na hakika mtu huyo yupo. Waligombania kwao ni wapi.

Mwaka 1862 Tsar Alexander II akazindua mnara Novgorod kuadhimisha miaka 1,000 ya Urusi. Rurik yumo, wa shaba, na mwaka wake umeandikwa kwenye ngao.