Mfereji Hufuata Barabara: Mwamgongo na Maji Yasiyo na Bajeti

Nchini mwetu mfereji wa maji ya mvua kwa kawaida huzaliwa pamoja na barabara. Mhandisi huchora barabara, huiwekea mifereji pembeni ili isibomoke, na nyumba za jirani hunufaika kwa bahati tu. Tangu mwaka 2017 kazi hiyo, mijini na vijijini, imo mikononi mwa TARURA. Sasa tujiulize, ndugu msomaji: kijiji ambacho kwa sehemu kubwa ya historia yake kimefikiwa kwa boti kitaupata wapi mfereji?

Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ni kijiji cha namna hiyo. Kimebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima inayopanda ghafla kuelekea ukingo wa bonde la ufa. Eneo tambarare lililopo ni udongo ambao kijito chenyewe kiliushusha kutoka mlimani kikautandaza ufukweni. Yaani watu wamejenga juu ya kazi ya mafuriko. Kuwalaumu kwa hilo ni kuisoma historia kinyumenyume.

Ufukwe una mvuto wake. Uvuvi wa dagaa kwa taa usiku, uliopanuka kuanzia miaka ya 1950, ulihitaji mchanga wa kuanikia na mahali pa kuegesha mitumbwi. Kisha ikaja dola. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, na Operesheni Vijiji iliyofuata kote nchini, zilikusudia kuwakusanya watu waliotawanyika ili shule, zahanati na maji ya bomba yawafikie. Sheria ya mwaka 1975 ikakipa kijiji hadhi ya kisheria. Maji ya kunywa yalikuwamo katika hesabu hiyo. Maji ya mvua hayakuwamo. Na mwaka ule ule wa 1972, kwa sera ya Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa. Chombo ambacho kingeweza kuuliza maji yatapita wapi watu wakishasongamana hakikuwapo tena, na hakikurudi hadi baada ya sheria za mwaka 1982.

Huko juu mlimani mambo yalikwenda njia mbili. Gombe ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1943, na mwaka 1968 ikawa hifadhi ya taifa. Nje ya mpaka wake miteremko ikalimwa mihogo na kukatwa kuni, hata picha za setilaiti za mwaka 1972 zikiwekwa kando ya zile za mwishoni mwa miaka ya 1990, mpaka wa hifadhi unaonekana kama mshono wa nguo. Watafiti wa mashapo ya ziwa wamekilinganisha kijito cha Mwamgongo na kile cha Mitumba, kilicho ndani ya hifadhi: bonde moja lina msitu, jingine limelimwa.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji hivi, na katika miaka ya 2000 vijiji vikaandaa mipango ya matumizi ya ardhi na kutenga misitu kwenye miteremko. Kwa maoni yangu, huo ndio uwekezaji muhimu zaidi wa kuzuia mafuriko uliowahi kufanyika upande huu wa ziwa, ingawa hakuna kasma ya bajeti inayouita hivyo. Fedha zilikuja kwa jina la sokwe. Sioni haya kulisema, lakini ofisi zetu za mipango zingepaswa kuona haya.

Linganisha na Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kusini tu ya hapo. Manispaa ipo chini ya Sheria Na. 8 ya mwaka 1982, ya mamlaka za miji. Mwamgongo ipo chini ya Na. 7, ya mamlaka za wilaya. Kwa sababu ya hadhi hiyo, Kigoma iliingizwa katika mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2010, ikapata barabara pamoja na mifereji yake. Hata huko Katubuka bado hufurika, kwa kuwa barabara nzuri haiondoi maji yaliyokusanyika kwenye bonde. Lakini manispaa ina mlango wa kubisha. Kijiji chenye msongamano wa mji hakina.

Atakayechora mfereji wa Mwamgongo alitazame pia ziwa. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona miti aliyoikuta sokoni mwaka 1871 ikiwa imesimama majini. Baadaye Mto Lukuga ulifungua njia upande wa magharibi, ziwa likashuka. Likapanda tena miaka ya 1960, na tena miaka hii ya 2020. Mfereji utakaomwaga maji kwenye ufukwe wa leo unaweza kuzibwa na ziwa la kesho.

Fedha za kuanzia zipo. Miradi ya ajira za muda ya TASAF inaweza kulipa ujira wa kuchimba makinga maji na kupanda miti katika miteremko ambayo mpango wa ardhi wa kijiji umekwisha kuitenga, iwapo mkutano mkuu wa kijiji utaiibua kazi hiyo kuwa kipaumbele. Mawe na saruji ni wajibu wa Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, na makadirio yake yahesabu nauli ya boti, kwa maana mfuko wa saruji unaosafirishwa ziwani huwa umeshapanda bei kabla haujatua mchangani.