Spea Kuingiana Si Bahati: Vita Vilivyo Nyuma ya Kompyuta Yako ya Kwanza

Mashine yangu ya kwanza ya gemu haikuwaka.

Nilikuwa nimeweka pesa miezi saba, pesa ya kuhariri video za harusi na za bathdei za watu. Nikashuka town, nikachukua kompyuta ya ofisi, zile za ex-UK hupangwa kwa rafu kama mikate. Prosesa poa, RAM poa, bei poa. Jamaa wa duka akaniambia, "Hii unaongeza tu kadi ya grafiki, boss, na umemaliza." Wiki mbili baadaye nikapata kadi ya mtumba, nikafungua kasha. Kadi ilitaka waya wa umeme wa pini 6 kutoka kwa pawasaplai. Pawasaplai yangu haikuwa nao. Haya, nikakopa, nikanunua pawasaplai nyingine. Kufika nyumbani, ile plagi yake kubwa ya pini 24 haina pa kuingia. Mazabodi ilikuwa na plagi ya umbo lake, ambayo ni ya kampuni iliyoitengeneza peke yake. Na hata ningepata waya wa kugeuza, pawasaplai yenyewe haikutoshea ndani ya lile kasha jembamba.

Kwa hivyo nikawa na vitu vitatu, vyote vizima, na hakuna kompyuta. Duka likakataa kurudisha pesa, "si imewaka tukikuuzia?" Na kweli iliwaka.

Nilijiona mjinga, na kiasi nilikuwa. Lakini nilipoanza kusoma, nikajikuta nauliza swali la kinyume. Mbona zile zingine huingiana? Unanunua mazabodi iliyotengenezwa na kampuni moja, RAM ya kampuni nyingine, kadi ya kampuni ya tatu, kasha la kampuni ambayo hata jina hulijui, na unapobonyeza swichi, inawaka. Hizo kampuni ni maadui wa biashara. Nani aliwaambia waelewane? Jibu lake ni stori ya zaidi ya miaka 40, na ukiijua, huwezi tena kununua spea kwa kubahatisha.

Ilianza kwa haraka

Miaka ya sabini, kompyuta za nyumbani zilikuwa kila mtu na zake. Programu ya mashine ya Apple haikutembea kwa Commodore, kadi ya hii haikuingia kwa ile. Ukinunua kampuni, umeoa.

IBM, ambayo ndiyo ilikuwa baba ya kompyuta kubwa za maofisi, iliona inaachwa nyuma. Ikatuma timu ndogo Boca Raton, Florida, ikawapa kama mwaka mmoja hivi watoe kompyuta ndogo. Kwa muda huo huwezi kubuni kila kitu mwenyewe. Don Estridge na timu yake wakafanya kile ambacho IBM haikuwa na mazoea ya kufanya: wakanunua vitu vilivyokuwa tayari sokoni. Prosesa ilikuwa Intel 8088. Mfumo wa kuendesha mashine ulitoka kwa kampuni ndogo wakati huo inaitwa Microsoft. Tarehe 12 Agosti 1981, IBM PC ikazinduliwa New York, bei ikianzia dola 1,565. Ndani ilikuwa na sloti 5 za kuongeza kadi.

Halafu wakafanya jambo lingine kubwa zaidi. Waliuza kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi zote, ili kampuni zingine zitengeneze kadi za kuingia kwenye hizo sloti. Mashine ikiwa na kadi nyingi, watu wengi wataitaka. Ni kama Toyota hapa kwetu. Msee hanunui Probox kwa sababu ni gari tamu. Ananunua kwa sababu akiharibikiwa Nyahururu saa mbili usiku, spea ipo.

Kitu kimoja tu IBM ilikuwa imekishikilia: BIOS. Hii ni programu ndogo iliyo kwenye chipu ya mazabodi, ndiyo huamka kwanza na kutambulisha vipande vya mashine vimjue mwenzake. IBM iliichapisha yote kwenye kile kitabu, lakini chini ya hakimiliki. Unaweza kuisoma, ila ukiikopi, mtaonana kortini.

Watu watatu kutoka Texas

Mwaka wa 1982, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto waliacha kazi Texas Instruments wakaanzisha Compaq, mjini Houston. Wazo lilikuwa kompyuta ya kubeba ambayo itaendesha programu zote za IBM PC bila kubadilishwa hata herufi moja. "Kubeba" ni neno la heshima, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 13.

Shida ilikuwa ile BIOS. Suluhisho lao lilikuwa la akili. Kundi la kwanza lilisoma BIOS ya IBM na kuandika tu kile inachofanya: ukiiuliza hivi, inajibu hivi. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuona ile ya IBM, likachukua hayo maelezo na kuandika yao upya kutoka mwanzo. Kazi ile ile, maneno tofauti. Kisheria, hakuna kilichoibwa. Kampuni nyingine, Columbia Data Products, ilikuwa imetoa kloni yake miezi kadhaa mbele yao, lakini Compaq ndiyo iliyofanya watu waamini. Katika mwaka wa kwanza wa mauzo, 1983, waliuza zaidi ya mashine 50,000 na kuingiza dola milioni 111.

Unajua mashine mpya ilipimwaje kama inaingiana kweli na IBM? Kipimo kimoja maarufu kilikuwa gemu. Flight Simulator ya Microsoft ilikuwa inagusa vipande vya mashine moja kwa moja, kwa hivyo kloni ikiwa na kasoro ndogo, gemu inagoma. Watu wa maofisi walikuwa wanaendesha ndege ya kuigiza kabla ya kununua kompyuta ya uhasibu. Kwa hivyo mtu akikuambia gemu ni mchezo wa watoto, mwambie hivyo.

Mwaka wa 1984, kampuni ya Phoenix ikatengeneza BIOS yake kwa njia kama hiyo, ikaanza kuuzia yeyote mwenye pesa ya leseni. Hapo mlango ukang'oka kabisa. Hukuhitaji tena kuwa na jeshi la mainjinia. Nunua BIOS, nunua prosesa, nunua mazabodi, unganisha. Ule ufundi wa kuunda kompyuta mezani kwako umezaliwa hapo.

IBM inajaribu kufunga mlango

Aprili 1987, IBM ilichoka kuona wengine wakila kwa sahani yake. Ikatoa mashine mpya, PS/2, zenye sloti za aina mpya zilizoitwa Micro Channel. Kiufundi zilikuwa bora kuliko za zamani, hilo lazima tuseme ukweli. Lakini kadi zako za zamani hazikuingia, na kampuni iliyotaka kuziiga ilibidi ilipe IBM.

Mwaka uliofuata, kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zikakataa. Zikaungana, maadui wote hao, na kutangaza sloti yao inayoitwa EISA, ambayo ilikubali kadi mpya na bado ikapokea zile za zamani. Watu wakawaita Genge la Tisa. EISA yenyewe haikuenea sana kwa mashine za nyumbani, lakini Micro Channel nayo ilikwama, na ujumbe ulifika: hakuna kampuni moja itakayomiliki umbo la tundu. IBM ilikuja kuuza biashara yake ya kompyuta ndogo kwa Lenovo mwaka wa 2005. Moja ya vitu vilivyobaki vya PS/2 ni yale matundu mawili ya duara, zambarau na kijani, ya kibodi na mausi. Angalia nyuma ya kompyuta ya cyber ya mtaa, utayaona.

Intel inakuwa mwamuzi, na mchezaji pia

Baada ya IBM kushuka, aliyepanga sheria ni Intel. Ilileta PCI mwaka wa 1992, kisha mwaka wa 1995 ikaleta ATX, ambayo inasema matundu ya skrubu yawe wapi, pawasaplai iwe na ukubwa gani, plagi iwe ya umbo gani. Kabla ya hapo, umeme wa mazabodi ulikuja kwa plagi mbili zinazofanana, zimekaa pamoja. Fundi aliambiwa nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, umechoma mazabodi. ATX ilifanya plagi iwe moja, na inaingia upande mmoja tu. Hiyo ni heshima kubwa sana kwa mtu anayeunda mashine ya kwanza akiwa na mikono inayotetemeka.

Lakini Intel pia ilikuwa na bidhaa ya kuuza. Katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na soketi inaitwa Socket 7. Mazabodi moja iliweza kubeba prosesa ya Intel, ya AMD au ya Cyrix. Fikiria hiyo. Mwaka wa 1997 Intel ikatoa Pentium II kwa sloti mpya, Slot 1, iliyolindwa na hataza. AMD ikabaki nje, na mwaka wa 1999 ikaja na Slot A yake: umbo lile lile la plastiki, umeme tofauti kabisa. Tangu hapo hizo kambi mbili hazijawahi kukaa kwa soketi moja. Ndiyo maana swali la kwanza la kuunda mashine leo ni Intel au AMD.

Sasa hii inakuhusu vipi wewe na elfu thelathini zako?

Kwa sababu kila kosa unaloweza kufanya leo ni mahali ambapo ile vita iliachwa bila kumalizika.

Soketi. Usiamini macho. Mwaka wa 2017 Intel ilitoa prosesa za kizazi cha 8 zenye umbo lile lile la LGA 1151 kama za kizazi cha 6 na 7. Zinaingia vizuri kwenye bodi za zamani, na hazifanyi kazi. Upande wa AMD, soketi ya AM4 ya Ryzen za 2017 ilikuwa bado inapokea prosesa mpya mwaka wa 2022. Ndiyo maana kwa mtu wa kuanza kidogo na kuongeza baadaye, AM4 ya mtumba bado ina maana.

BIOS. Ile ile ya Compaq. Bodi ya zamani ya AM4 inaweza kukataa prosesa mpya mpaka BIOS isasishwe, na ili uisasishe kwa kawaida unahitaji prosesa ambayo inaitambua. Ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa bodi, soma orodha ya prosesa inazokubali, kabla hujatoa pesa.

RAM. DDR3, DDR4 na DDR5 zina mkato mahali tofauti, makusudi, ili usilazimishe. Ikikataa kuingia, si kwamba unahitaji nguvu. Na bodi ya soketi ya LGA 1700 kwa kawaida ni ya DDR4 au ya DDR5, hazichanganywi, kwa hivyo soma jina lote la bodi.

Kadi ya grafiki. Hapa ndipo tuna bahati. Sloti ya PCI Express imekubali kadi za zamani na mpya kwa miaka yote hii. Kinachokuangusha ni urefu wa kadi kwa kasha, na umeme.

Pawasaplai. Hesabu wati, ndiyo, lakini hesabu pia plagi. Na kama ni ya zamani ina kaswichi kekundu nyuma, hakikisha kiko 230 na si 115. Stima yetu ni 240. Ukikosea utasikia mlio, na harufu.

Mashine za ofisi. Nyingi ni nzuri na ni za bei. Lakini kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue kasha. Tafuta plagi ya pini 24. Angalia kama pawasaplai ni ya ukubwa wa kawaida, na kama kadi itapata nafasi. Akikataa kufungua, shukuru na uende duka la pili. Luthuli ni ndefu.

Watu huniambia hizi ni stori za wazee wa Marekani. Mimi naona hivi. Mtoto wa tajiri hahitaji spea ziingiane. Atanunua mashine nzima, ikichoka anunue nyingine. Anayehitaji spea ziingiane ni wewe, unayenunua prosesa mwezi huu, RAM mwezi ujao, na kadi Desemba, vile watu wetu hujenga nyumba kwa ploti: msingi mwaka huu, kuta mwaka ule, mabati Mungu akijalia. Nyumba hiyo inawezekana tu kama mawe ya mwaka huu yatakutana na mawe ya mwaka ujao.

Kila kampuni inapogeuza plagi moja ili ununue kwake pekee, inakufungia huo mlango kidogo. IBM ilijaribu mwaka wa 1987 ikashindwa, kwa sababu wanunuzi hawakufuata. Nguvu tuliyo nayo sisi ni ile ile. Uliza plagi ni ya aina gani kabla hujauliza bei.

Mashine yangu hatimaye iliwaka. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa ile kadi. Lile kasha la ofisi bado ninalo, naliwekea skrini juu.