Kompyuta ya injini kwa gari kuukuu: Mchague fundi kwanza

GARI linaloondoka Kikima alfajiri, baridi ya vilima vya Mbooni ikiwa ingalipo, na kuwasili Mombasa jioni, huwa limevuta hewa za namna nyingi kwa siku moja. Sehemu za juu za Mbooni zimepita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huko shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 83, ilhali ufuoni Mombasa ni 101. Tofauti hiyo ya takriban asilimia 18 ndiyo inayotenganisha injini iliyotulia na injini iliyotoboka pistoni.

Dereva wa gari lililotoka kiwandani bila kuguswa hana haja ya kujua hayo. Lakini kwa yule aliyebadilisha injini ya Corolla yake ya zamani, au aliyeongeza turbo, au aliyeng'oa kabureta ili aweke injekta, ni mambo ya kutafakari kabla hajatoa hata shilingi moja kununua kompyuta mpya ya injini.

Makala haya yanaeleza namna ya kuichagua kompyuta hiyo, na yanasisitiza jambo moja: mchague kwanza fundi atakayeipanga, ndipo uchague kompyuta yenyewe.

Kazi ya kompyuta ya injini

Kompyuta ya injini ni kisanduku kinachopokea habari kutoka kwa vihisi mbalimbali: kasi ya injini, shinikizo la hewa, joto la maji, joto la hewa na kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta. Kwa kutumia habari hizo, huamua mambo makuu mawili. La kwanza ni muda ambao injekta itafunguka, unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. La pili ni wakati ambao plagi itatoa cheche kabla pistoni haijafika juu.

Majibu ya maamuzi hayo yamo ndani ya majedwali mawili, la mafuta na la cheche. Kiwandani, majedwali hayo hujazwa kwa ajili ya injini fulani yenye vipuri fulani. Ukibadilisha kamshafti, injekta au njia ya hewa, kompyuta ya kiwandani huendelea kutoa majibu ya injini ambayo haipo tena.

Kuna sababu nyingine ya kuibadilisha, nayo ni uzee. Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri unaozidi miaka minane. Hivyo basi, magari mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yanayoonekana katika barabara za Ukambani yameishi hapa muda mrefu. Katika kompyuta za umri huo, vipuri vidogo viitwavyo kapasita huvuja na kuozesha bodi ya ndani, na wakati mwingine ni rahisi kupata kompyuta mpya kuliko nyingine kuukuu iliyo nzima.

Je, waihitaji kweli?

Kabla ya kununua, pima afya ya injini. Pima mgandamizo wa kila silinda, shinikizo la petroli, hali ya koili na nyaya za plagi, na uhakikishe hakuna mpira wa hewa unaovuja. Kompyuta haiwezi kuponya ringi zilizokwisha wala pampu ya petroli iliyochoka. Ni wengi waliotumia fedha za mavuno kununua kisanduku, kisha wakagundua kwamba kasoro ilikuwa bomba lililopasuka.

Ikiwa injini ni nzima na mageuzi ni madogo, kama vile kichujio cha hewa na bomba la moshi pekee, kompyuta ya kiwandani ikiwa bado inafanya kazi yatosha. Iache mahali pake.

Njia nne zilizopo

Ya kwanza ni kuiandika upya kompyuta ya kiwandani. Ni njia nzuri na ya bei nafuu kwa magari yanayoikubali. Hata hivyo, magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 hayakuundwa ili kompyuta zake ziandikwe upya kupitia soketi ya uchunguzi. Kwayo, fundi hulazimika kuifungua kompyuta na kubadilisha chipu.

Ya pili ni kisanduku kinachounganishwa kando ya kompyuta ya kiwandani na kuidanganya, yaani hubadilisha habari za vihisi kabla hazijaifikia. Ni rahisi kufunga, lakini uwezo wake ni mdogo. Kinapopunguza ishara ya hewa ili kupunguza mafuta, mara nyingi huisogeza cheche mbele bila kukusudia, na injini yenye turbo haivumilii hilo.

Ya tatu ni kompyuta kamili inayochomekwa katika soketi ileile ya kiwandani. Link ya New Zealand na Haltech ya Australia ni miongoni mwa kampuni zinazounda kompyuta za aina hii kwa magari kadhaa ya Kijapani yenye wapenzi wengi, yakiwemo matoleo ya Subaru Impreza. Mwenye gari hupona gharama ya kukata nyaya.

Ya nne ni kompyuta kamili inayofungwa kwa nyaya mpya. Hii hufaa injini yoyote, hata ile iliyozaliwa na kabureta kama ya Peugeot 504 au Datsun za zamani. Humo mna za bei ya juu kama MoTeC ya Australia, na pia mna zile zilizozaliwa na wapenzi wa kujiundia. MegaSquirt ilibuniwa na Bruce Bowling na Al Grippo wa Marekani, nayo Speeduino imejengwa juu ya bodi ndogo ya Arduino, na michoro yake iko wazi kwa kila mtu.

Hesabu ulicho nacho

Chukua karatasi, uandike kila kitu ambacho kompyuta mpya italazimika kusoma au kuendesha. Orodha hiyo ndiyo itakayoondoa kompyuta nyingi mezani.

Anza na kihisi cha mzunguko wa injini. Baadhi ya injini za Toyota za familia ya 4A zina distribyuta yenye gurudumu la meno 24 pamoja na jino 1 la kutambulisha silinda. Subaru za mwanzo za EJ hutumia meno 6 kwenye kranki na 7 kwenye kamshafti. Kompyuta isiyoelewa mpangilio wa injini yako haitawasha gari hata kidogo, isipokuwa ukifunga gurudumu jingine, kama lile la nafasi 36 lililotolewa jino moja.

Pili, pima injekta kwa mita ya umeme. Zenye ukinzani wa ohmu 11 hadi 16 huendeshwa moja kwa moja na kompyuta nyingi. Zenye ohmu 2 hadi 4, zilizotumika katika magari kadhaa ya zamani yenye turbo, huvuta umeme mwingi na zinaweza kuunguza kompyuta isiyoandaliwa kwa ajili yake. Hizo zahitaji vikinza vya ziada.

Tatu, angalia giaboksi. Gia za kujibadilisha za miaka ya 1990 huenda zikategemea habari kutoka kwa kompyuta ya kiwandani. Ukiiondoa bila mpango, gari litabaki katika gia moja.

Nne, kumbuka mambo madogo: feni, pampu ya petroli, mshale wa kasi ya injini, na vali inayoshikilia mngurumo gari likiwa limesimama. Kila kimoja chahitaji waya wake.

Mbooni juu, Mombasa chini

Sasa turejee kwenye hewa. Magari mengi ya Ukambani hupelekwa Nairobi kupangwa, na Nairobi iko katika kimo kinachokaribiana na kile cha Mbooni. Injini isiyo na turbo ikipimwa huko, hata ukikanyaga mafuta hadi mwisho, haitavuta hewa ya zaidi ya kilopaskali 83 au 84. Fundi atajaza na kukagua safu za jedwali hadi hapo. Safu za 90 na 100 hazijaguswa na injini, na huenda zikabaki na namba za kukisia.

Gari hilo litakimbia vizuri Kikima, Tawa na Machakos. Mwenyewe atasifiwa. Siku atakapoteremka kupitia Wote na Emali, akashika barabara kuu kuelekea Voi na Mombasa akiwa na abiria na mizigo, injini itaingia katika safu zile ambazo hakuna aliyezikagua. Mafuta yakiwa haba na cheche ikiwa mapema mno, petroli hujilipukia kabla ya wakati wake. Hapo ndipo mlio wa kugonga husikika, ikiwa utasikika kabisa, na pistoni huyeyuka.

Gari lenye turbo halijaepuka. Turbo inayodhibitiwa kwa springi pekee huongeza kiasi chake juu ya shinikizo la hewa ya mahali. Hewa ya pwani ikiwa nzito zaidi, jumla inayoingia ndani ya silinda huwa kubwa kuliko ile iliyopimwa Nairobi.

Kwa hiyo, kompyuta ya kuendeshwa kati ya vilima na pwani iwe na kihisi cha kudumu cha shinikizo la hewa ya nje. Iwe pia na uwezo wa kurekodi safari nzima, na kinga inayozima au kupunguza nguvu endapo mafuta yatakuwa haba au shinikizo la oili litashuka. Mwambie fundi waziwazi kwamba gari litafika Mombasa. Safari ya kwanza iwe ya pole, na rekodi zisomwe Emali, Mtito Andei na Voi kabla ya kukanyaga mafuta.

Ili rekodi hizo ziwe na maana, funga kihisi cha oksijeni cha masafa mapana katika bomba la moshi. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa uzani wa hewa 14.7 kwa mafuta 1. Injini isiyo na turbo ikibeba mzigo mzito huhitaji karibu 12.5 hadi 13, na yenye turbo mara nyingi 11.5 hadi 12. Vihisi hivyo huuawa na risasi, na ni jambo la heri kwamba Kenya iliondoa petroli yenye risasi mwaka 2006.

Aidha, usisafirie nyota ya mwenzio. Majedwali yaliyoandikwa Japani huenda yalikusudiwa petroli ya daraja la juu, ambayo huko huuzwa ikiwa na okteni karibu 100. Uyapakie hapa uone injini ikigonga.

Vumbi, maji na mtikisiko

Barabara za mchanga na mito ya msimu zina masharti yake. Kompyuta iliyofungwa ndani ya kasha lisilopenya maji ni bora kuliko bodi iliyo wazi. Vyovyote iwavyo, ifungwe ndani ya gari nyuma ya dashibodi, si chini ya boneti wala sakafuni. Nyaya za kihisi cha kranki ziwe zimevikwa kinga, na waya za adhi zikutane mahali pamoja kwenye injini. Kasoro nyingi zinazolaumiwa kompyuta hutokana na adhi mbovu.

Fundi, gharama na sheria

Kompyuta kamili kutoka kampuni kubwa yaweza kupita shilingi laki moja kabla ya ushuru na usafirishaji. Ongeza vihisi, nyaya, kipimo cha oksijeni na malipo ya fundi. Asiyetenga fedha za kupanga injini amenunua kisanduku tupu.

Ndiyo maana fundi hutangulia. Muulize ni kompyuta ipi anayoipanga mara kwa mara, ana programu yake katika kipakatalishi chake, na atakupa nakala ya majedwali akimaliza. Kompyuta ya wastani ambayo mafundi watatu wa Machakos na Nairobi wanaielewa ni bora kuliko ya fahari ambayo anayeijua yuko ng'ambo. Fundi asiyetaka kukupa nakala, au aliyefunga majedwali kwa nenosiri lake, amekufanya mateka: akihama, gari lako limehama naye.

Mwisho, ikiwa injini yenyewe imebadilishwa, badiliko hilo sharti liandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, gari likaguliwe na namba mpya iingizwe katika hati za umiliki. Ijulishe pia kampuni ya bima kuhusu mageuzi yote. Ajali ikitokea, jambo lililofichwa laweza kuwa kisingizio cha kutolipwa.

Kwa ufupi, utaratibu ni huu: pima injini, andika orodha ya vihisi, tafuta fundi, sikiliza kompyuta anayoimudu, hakikisha inasoma hewa ya nje, kisha nunua. Anayeufuata huenda akachelewa mwezi mmoja kuanza kujivunia gari lake, lakini ataliteremsha hadi pwani na kulirudisha Mbooni likiwa na injini ileile.